Nzi huyu wa kwenye maembe ni yupi?

Mama wa Kahe: Wadau, niko Kahe, Moshi. Jana nimempiga picha nzi huyu kwenye embe dodo. Wa kahawia, mistari miwili ya njano mgongoni, mabawa angavu, nyuma ana kitu kama sindano. Nilidhani nyigu. Nilipopasua embe, funza weupe wakaanza kurukaruka mezani! Inaniuma, mti huu aliupanda marehemu baba.

Bwana shamba mstaafu: Pole sana mama. Nyigu ana mabawa manne, huyu ana mawili. Kuza picha ya pili: tumboni kuna alama nyeusi ya T. Ni nzi wa matunda kutoka Asia, *Bactrocera dorsalis*, aliyeonekana Kenya mwaka 2003. Sindano hiyo ni ya kutagia mayai, kwa hiyo ni jike.

Kijana wa Uru: Shikamoo mama. Embe lililoanguka usiliache hata siku moja, funza hutoka wakajifukia udongoni, wakiibuka ni nzi. Chimba shimo refu, futi mbili hivi, ulifukie humo embe hilo, ushindilie udongo.

Mama wa Kahe: Marahaba mwanangu. T nimeiona! Jembe ninalo, naanza sasa hivi.