Naomba ushauri: Nairobi hadi New York na mama mwenye kisukari, moja kwa moja au kupitia Amsterdam?

Ndugu zangu hamjambo, na wakubwa shikamooni.

Mama, miaka 71, anakuja kwangu New York mwezi Januari. Anachoma insulini asubuhi na jioni, na akikaa sana miguu inavimba.

Ndege ya moja kwa moja inaondoka karibu saa tano na nusu usiku na kutua kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyumbani wanasema "kumbe saa saba tu!" Wapi! Ongeza saa nane za tofauti ya majira, ni saa 15 hewani, takriban kilomita 11,800. Kupitia Amsterdam ni kama kilomita 12,500, ila inakatika vipande viwili vya saa nane na kitu. Doha nimeitoa: kutoka pale hadi New York bado ni zaidi ya saa 13.

Wakala wa tiketi anasifia ya bei kubwa tu. Kliniki wamesema insulini ikae begi la mkononi, isiende kwenye mizigo ya chini, na atembee mara kwa mara. Kuhusu saa za kuchoma wameniambia nimuulize daktari wake, naye yuko likizo.

Waliosafiri na wazee:

1. Mliona nafuu kumaliza zote mara moja, au kupumzika njiani? Pale Amsterdam kiti cha magurudumu kinamfuata hadi mlango wa ndege ya pili?

2. Daktari wenu aliwapangia sindano kwa saa za Nairobi mpaka mtue, au vipi?