Mimea ya kwenye ndoo inanyong'onyea kipupwe hiki Mafinga: ni baridi, maji au udongo?

Ndoo za Barazani (mwanzisha mada)

Wakuu, poleni na baridi.

Niko Mafinga. Nina mimea kwenye ndoo za plastiki za lita 20, zile za rangi: pilipili mbuzi, mlimao wa kubebesha, bogenvilia, shubiri na spinachi kidogo. Mpaka mwezi wa tano ilikuwa safi. Tangu baridi ianze, pilipili inapukutisha majani, mlimao unatoa majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani, spinachi imegeuka njano majani ya chini. Kuna ndoo mbili ukizisogelea zinanuka kama mtaro.

Taarifa zaidi ili msinihoji sana: udongo mwekundu wa kiwanjani nusu, maranda ya kiwanda cha mbao robo, samadi ya ng'ombe robo. Chini kuna kokoto kimo cha vidole vinne, matundu matatu. Maji ni jagi la lita 2 kila ndoo kila jioni. Ndoo ziko nyuma ya nyumba, ukuta wa upande wa kusini, juu ya sakafu ya saruji. Urea nimeshaweka, hakuna nafuu.

Je, ni baridi tu nisubiri ipite, au kuna la kufanya?

---

Mtunza Miche

Pole mkuu. Umeeleza vizuri mpaka hakuna cha kubahatisha. Baridi imeikuta mizizi yako ikiwa tayari imezama kwenye maji, na hapo ndipo penye shida. Kwa maji hayo na udongo huo, hata mwezi wa kumi ingesumbua, ila ingechelewa.

Harufu ya mtaro ni udongo uliokosa hewa. Mzizi unapumua, nafasi zote za udongo zikijaa maji, ncha zake zinakufa na vimelea vya kuoza vinaingia. Sasa weka na baridi juu yake. Usiku wa Mafinga mwezi wa saba joto linashuka chini ya nyuzi 10, na ndoo iliyo peke yake inapoa pande zote, tofauti na shamba ambako ardhi inalinda mizizi. Pilipili ni mmea wa joto, ukuaji wake unakaribia kusimama joto likikaa chini ya nyuzi 15. Mmea uliosimama haunywi. Jagi ambalo mwezi wa kumi linakauka kwa siku moja, sasa hivi linaweza kukaa wiki, nawe unaongeza lingine kila jioni.

Dalili zako nazo zinasomeka. Majani *mapya* ya njano yenye mishipa ya kijani kwenye mlimao ni mmea kushindwa kuvuta madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo kwenye udongo, mzizi ndio umelala, kwa hiyo usikimbilie duka la pembejeo. Majani ya *chini* kuwa njano yote kwenye spinachi ni upungufu wa naitrojeni, na hapo mshukiwa wangu ni maranda. Maranda mabichi ya msindano (paina) yakianza kuoza, vijidudu vinavyoyala vinachukua naitrojeni ya udongo kwa ajili yao na mmea unabaki na njaa. Isitoshe yanashika maji kama nini. Maranda ni mazuri kama matandazo ya juu, au yakishaozeshwa na samadi kwa miezi sita na zaidi mpaka yawe meusi.

Urea isimamishe. Mimea mingi hupendelea naitrojeni ikiwa imeshageuzwa na bakteria wa udongo, na bakteria hao kwenye udongo wa baridi uliojaa maji hawafanyi kazi. Ukiendelea utaunguza mizizi iliyobaki.

Leo hii fanya hivi. Acha kumwagilia kabisa. Inua kila ndoo uilaze kwa nyuzi kama 45 kwa nusu saa, utashangaa maji yatakayotoka. Toboa matundu mengine yafike 8, kila moja upana wa kidole kidogo, na manne kati ya hayo yawe ubavuni, sentimita 2 juu ya kitako, kwa sababu yale ya chini yanazibwa na saruji. Msumari wa inchi 6 uliopashwa moto kwenye jiko unatosha. Kisha kalisha ndoo juu ya vipande viwili vya tofali ili hewa ipite chini.

Na zihamishe upande wa kaskazini wa nyumba. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba jua halipiti utosini. Saa sita mchana limeinamia kaskazini kwa karibu nyuzi 30. Ukuta wa kusini unakaa kivulini karibu siku nzima. Ukuta wa kaskazini unakula jua toka asubuhi na usiku unalirudisha kidogo kidogo kama joto. Ndoo zikae umbali wa shubiri moja ya mkono kutoka ukutani, zimebanana.

---

Fundi Bustani

Nakubaliana na mdau hapo juu, ila kuhusu maji kutuama mimi ningeongeza kokoto zifike nusu ya ndoo. Na usiku vika kila mmea mfuko wa nailoni, asubuhi unavua. Kwisha habari.

---

Uyole Kijani

Fundi, kwa heshima zote, hayo mawili ndiyo yanayoua mimea ya watu.

Tuanze na kokoto. Maji yaliyo kwenye udongo laini hayashuki kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo juu tu ya kokoto pana tabaka la matope ambalo halikauki, na ukiongeza kokoto unalipandisha tabaka hilo karibu na mizizi. Asiyeamini achukue sifongo ya kuoshea vyombo, ailoweshe, ailaze kwenye kiganja mpaka iache kudondosha, halafu aisimamishe wima. Itaanza kudondosha tena. Kimo ndicho kinachosukuma maji chini, na kokoto zinakula kimo. Chini ya ndoo weka kipande cha neti ya mbu au vigae viwili vya chungu juu ya matundu ili udongo usitoroke, basi. Ndoo yote iwe udongo mmoja toka juu mpaka chini.

Nailoni nayo: jani linalogusa nailoni usiku wa sakitu (umande unapoganda kuwa barafu) linaganda pamoja nayo, na ukichelewa kuvua asubuhi jua linalipika. Tumia kiroba au shuka kuukuu, juu ya vijiti vitatu virefu kuliko mmea ili kitambaa kisiguse majani. Funika saa 11 jioni jua halijazama, kitambaa kifike chini mpaka sakafuni, maana unachotega ni joto linalopanda kutoka kwenye udongo. Ukifunika saa 4 usiku joto limeshaondoka. Fungua saa 2 au saa 3 asubuhi.

Si kila usiku wa baridi una sakitu. Inakuja anga likiwa jeupe, nyota zimejaa, upepo umetulia kabisa. Kukiwa na mawingu au upepo lala usingizi. Na hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji: nyumba iliyo bondeni inapata sakitu wakati jirani aliye kilimani hajui lolote. Ndiyo maana mabonde ya Mufindi na Njombe yanaungua na miinuko inapona. Ndoo usizipeleke kwenye kona ya chini ya kiwanja, ukuta wa fensi unaizuia hewa hiyo hapo kama bwawa.

Sasa udongo, maana hapo ndipo mada ilipo. Udongo mwekundu wa Iringa si mbaya, ni mzito tu kwa chombo. Kosa la wengi ni kuongeza mchanga laini wa kupigia plasta. Mfinyanzi unajaza vinafasi vyote kati ya chembe zake na unapata kitu cha kufyatulia matofali. Unahitaji kitu chenye punje kubwa. Huku Mbeya na Rungwe tuna yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, ya kusugulia visigino. Yaponde, chekecha, vumbi tupa, baki na punje za ukubwa wa maharage au mahindi. Ndani yake kuna hewa, na yanashika unyevu kidogo bila kuwa tope. Huko Mafinga kama hayapatikani, tumia chenga za mkaa za ukubwa huohuo, zioshe kwanza kutoa vumbi na majivu. Mchanga wa mtoni wa punje kubwa nao unafaa ila ndoo itakuwa nzito.

Kipimo: madebe 2 ya udongo wa juu uliochekechwa (wa chini ya miti ukiupata ndiyo bora), debe 1 la samadi iliyoiva au mboji, debe 1 la mawe mepesi au chenga za mkaa. Kama udongo wako ni ule mwekundu wa kunata, fanya debe 1 na nusu la chenga. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, si majivu meupe, unaweza kuweka badala ya nusu ya chenga. Shubiri inataka tofauti: udongo 1, chenga 1, samadi konzi mbili tu kwa ndoo.

Samadi iliyoiva haina harufu, ukiichomeka mkono ni baridi, na huoni nyasi ndani yake. Ya kuku weka nusu ya kipimo.

Ukimaliza kujaza, acha vidole viwili juu, usishindilie, mwagilia taratibu mpaka udongo ulowe wote, kisha mwaga lita 2. Maji yakisimama juu zaidi ya nusu dakika, au yasipotoka chini ndani ya dakika mbili, mchanganyiko bado mzito. Mwaga, ongeza chenga, rudia kabla hujapanda kitu.

---

Upepo wa Makambako

Mmesahau upepo. Kwetu huku kipupwe ni kikavu, na upepo unakausha jani wakati mzizi uko kwenye baridi na hauvuti. Mtu anaona majani yamelegea, anadhani ni kiu, anamwagilia, anamalizia kuua. Kabla ya kumwaga maji ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Kukiwa na unyevunyevu, acha. Njia nyingine ni kunyanyua ndoo: ukishazoea uzito wa iliyokauka huhitaji tena kidole.

Kinga ya upepo iwe ya kupitisha hewa kidogo, mfano fito na viroba vilivyotobolewa au ua wa mabua ya mahindi. Bati zima linafanya upepo uruke juu na kushuka kwa kishindo upande wa pili, palepale ulipoweka mimea.

Maji yenyewe yamwagwe saa 3 hadi saa 5 asubuhi, yawe yameshinda juani kwenye dumu tangu jana yake. Yakilengwa kwenye udongo, si majani. Na siku unayohisi sakitu inakuja, kama udongo umekauka, mwagilia asubuhi hiyo: udongo wenye unyevu unatunza joto la mchana kuliko mkavu. Wenye unyevu, sijasema wa matope.

---

Ndoo za Barazani

Aisee asanteni sana wakuu. Nimelaza ndoo moja, maji yaliyotoka ni meusi tii. Maswali mawili. Nihamishie kwenye udongo mpya sasa hivi au nisubiri joto? Na bogenvilia imebaki vijiti vitupu, niing'oe?

---

Mtunza Miche

Zigawe makundi mawili.

Zile mbili zinazonuka hamisha sasa, hazina cha kusubiri. Chagua siku ya jua, saa 4 asubuhi. Toa mmea, pukuta udongo mbaya, tazama mizizi: mizima ni myeupe au hudhurungi na migumu, iliyooza ni myeusi, ukiivuta ganda linavuka na kubaki uzi. Kata iliyooza kwa mkasi uliochemshwa, punguza na matawi kwa theluthi ili majani yaliyobaki yalingane na mizizi iliyobaki. Tumia chombo kidogo, lita 5 hadi 10, maana udongo mwingi usio na mizizi ndio unaotunza maji. Maji kidogo mara moja, usiweke mbolea yoyote kwa wiki nne au tano.

Nyingine ziache mpaka katikati ya Septemba. Ukivuruga mizizi sasa haitaota mingine haraka kujaza pengo. Kwa sasa kwangua juu sentimita 3 za udongo uliogandamana na utando wa kijani, weka mboji mahali pake. Spinachi peke yake ndiyo inayovumilia baridi na inaendelea kula: udongo ukishapungua maji mpe mbolea ya CAN kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, kwenye lita 2 za maji kwa ndoo, mara moja kwa mwezi.

Bogenvilia kupukutika kwenye baridi ni kawaida yake. Kwangua gome kwa ukucha: chini kukiwa kijani, ipo hai. Usikate ncha zilizoungua mpaka baridi iishe, zinakinga macho ya chini, na ukikata sasa itachipua machipukizi laini yatakayoungua na sakitu inayofuata.

---

Uyole Kijani

Niongeze dogo. Ukishazibananisha ndoo ukutani, chungulia chini ya majani kila wiki. Mahali pakavu penye joto la ukuta vidukari na utitiri wanapapenda, na ugonjwa wa ubwiri unga unapenda usiku wa umande na mchana mkavu. Kwa vidukari, sabuni ya maji kijiko cha chai kwenye lita 1, nyunyiza chini ya jani asubuhi, suuza baada ya saa moja. Jaribu jani moja kwanza. Jani lenye unga mweupe chuma utupe mbali, usilitie kwenye mboji.

Kuanzia Oktoba zitoe hapo ukutani, jua litakuwa linapita juu ya paa na upenu utazinyima mwanga.

---

Ndoo za Barazani

Na shubiri? Hiyo haijaoza ila imelegea na ina rangi ya kahawia.

---

Upepo wa Makambako

Rangi ya kahawia kwenye baridi ni kawaida, itarudi kijani. Bonyeza shina pale chini kabisa: likiwa gumu, iweke upenuni isipate maji ya juu, na usimwagilie mpaka Septemba. Majani yakianza kukunjamana ubavuni, nusu kikombe asubuhi, basi. Shina likiwa laini na linatoa maji, kata juu ya palipooza, kausha kipande kivulini wiki moja mpaka kidonda kifunge, ndipo ukichomeke kwenye chenga tupu.