Binti wa miaka 12 amepoteza furaha: ni umri tu?

MamaGredi7: Hamjambo wazazi wenzangu. Binti yangu ameingia Gredi ya 7, mwanzo wa sekondari ya chini (JSS) hapa Kenya, mwaka huu. Si mgonjwa, na alama zake hazijashuka, ila siku hizi hujibu kwa mkato, na mambo aliyoyapenda, hata kwaya ya kanisani, anayaona mzigo. Je, hili ni la umri, au kuna jambo tusiloliona?

Mshauri_Nasaha: Umri unachangia, mama. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliojumuisha tafiti zilizowafuatilia watu wale wale kwa miaka, ulionyesha kwamba kuridhika na maisha hushuka kati ya umri wa miaka 9 na 16. Katika nchi nyingi za Ulaya, wanafunzi wa miaka 11, 13 na 15 huulizwa kila baada ya miaka minne wajiweke kwenye ngazi ya 0 hadi 10, na huko wasichana ndio hushuka zaidi. Mwili unabadilika, mtoto anaanza kujipima kwa wenzake, na hata usingizi huchelewa kuja kwa sababu saa ya mwili husogea mbele wakati wa kubalehe, ilhali kengele ya shule haimsubiri.

Mwalimu_wa_JSS: Nakubaliana na mshauri, lakini jibu la umri lisitutosheleze mapema mno. Tangu Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023, mtoto aliyezoea mwalimu mmoja anayemjua vizuri hujikuta mbele ya walimu wengi, kila mmoja na somo lake, na anaweza kumaliza muhula bila yeyote kugundua kwamba amenyamaza. Usimwulize kama ana furaha. Mwulize kuhusu shule, marafiki, mwili na nyumbani, kila jambo peke yake. Mwulize pia kuhusu hedhi: sheria ya mwaka 2017 inataka wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo, lakini sodo bila choo chenye maji na mlango unaofungika haimwondolei hofu.

BabaWawili: Niongeze moja tu. Huzuni ikidumu takriban wiki mbili, hasa ikiambatana na kukosa hamu ya chakula au kusema hafai, mpeleke kwa mhudumu wa afya.

MamaGredi7: Asanteni sana. Jumamosi tutakuwa sokoni sisi wawili, nami nitaanza na marafiki, kwa kuwa jina la yule aliyekuwa akiandamana naye kila siku silisikii tena.