Naomba ushauri: kivuli kwenye joho jekundu

Habari zenu wadau. Niko Nairobi, napaka sanamu ndogo za milimita 28 kwa rangi za akriliki. Nilipuliza nyeusi kote, kisha nyeupe kutoka juu ili nione mwanga unaangukia wapi. Uso umetoka vizuri, naupenda sana. Shida ni joho jekundu: kivuli na mwanga vinakutana kwa mstari mkali, haviyeyukiani. Nimezimua rangi kwa maji na kupaka tabaka nyembamba, lakini brashi ikirudi inang'oa tabaka la chini. Nikiongeza nyeupe, wekundu unageuka waridi.

Naombeni mnisaidie: nisubiri kila tabaka likauke kabisa, au nichanganye rangi zikiwa mbichi? Na sehemu zenye mwanga, niongeze rangi ya chungwa badala ya nyeupe?