Quichotte na Pergamon za Tangerine Dream: je, ni albamu moja?

Swali
Wanajamvi, salaam. Marehemu mjomba wangu alisoma Ujerumani Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miongoni mwa vitu alivyorudi navyo Unguja imo santuri ya kundi la Tangerine Dream yenye jina Quichotte na nembo ya Amiga. Mwenzangu anashikilia kwamba muziki huohuo ulitolewa tena mwaka 1986 kwa jina la Pergamon. Naomba kufahamishwa kama ni kweli, na pia ni kwa nini kundi linalosifika kwa sinthesaiza, yaani ala za kielektroniki za kuunda sauti, lifungue upande wa kwanza kwa piano, tena kwa muda mrefu kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani santuri imetiwa katika jalada lisilo lake.

Jibu la kwanza
Ndugu, mwenzako amesema kweli. Zote mbili zinatokana na onyesho la tarehe 31 Januari 1980 katika jengo la Palast der Republik, Berlin Mashariki. Amiga, nembo ya shirika la santuri la serikali, iliitoa mwaka uleule kwa wasikilizaji wa huko, na kampuni ya santuri ya Virgin ikaitoa upande wa Magharibi miaka sita baadaye. Usisahau kwamba kundi hili liliundwa na Edgar Froese mwaka 1967 huko Berlin Magharibi, yaani wanamuziki hawa walikuwa wageni katika nusu ya pili ya mji wao wenyewe, na Ukuta wa Berlin, uliougawa mji huo, ukiwa bado umesimama. Jengo lenyewe limekwisha kubomolewa.

Jibu la pili
Kuhusu piano, jibu ni Johannes Schmoelling. Alikuwa amejiunga na Froese na Christopher Franke mwaka 1979, baada ya kufanya kazi ya ufundi wa sauti katika tamthilia, na hapa anasikika akijitambulisha kwa vidole vyake kabla ya mashine kuwashwa. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa busara sana. Sikwensa ya analogi, yaani kifaa kinachoiendesha sinthesaiza, hushika noti chache tu na kuzirudia bila kuchoka, na kazi ya mpigaji ni kuzungusha taratibu vitufe vya filta, yaani kichujio cha sauti, ili mzunguko uleule uanze ukiwa mzito na wa chini kama ngoma inayosikika kutoka mtaa wa pili, kisha ufunguke hadi ung'ae. Piano haina tabia hiyo, kwa kuwa kila noti hupigwa na kufifia. Sikio likishazoea kufifia huko, mapigo ya sikwensa yanapoingia huwa na nguvu ambayo yasingekuwa nayo kama yangeanza tangu dakika ya kwanza.

Jibu la tatu
Nakubaliana na mwenzangu, ila sehemu ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, hasa pale gitaa la Froese linapopanda juu ya sikwensa. Baadhi ya tuni utazikuta tena katika Tangram, albamu ya studio ya mwaka 1980, zikiwa zimesafishwa na kupangwa vizuri zaidi. Hata hivyo, wanaoiona Quichotte kuwa rasimu tu ya Tangram wanaikosea haki, kwa sababu studio hurekebisha, ilhali jukwaani watu watatu walilazimika kusikilizana na kungojana, na kungojana huko kunasikika. Nakusihi usiiuze santuri hiyo.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Jana usiku nimeisikiliza upya, taa zikiwa zimezimwa, na safari hii sikuinua sindano wakati wa piano. Nyuma ya jalada, kwenye pembe ya chini, nimeona mjomba ameandika kwa penseli jina lake, na chini yake neno moja: Berlin.