Ushauri: Nitetee vipi hoja ya kupanga uchumi wa kijamaa kwa kompyuta?

Mjamaa_Kijana: Wakuu, salaam. Nina mdahalo karibuni na nimeandika programu ndogo ya kupanga uzalishaji. Kwa sasa ina chuma na makaa ya mawe tu. Tani moja ya chuma inakula nusu tani ya makaa. Tani ya makaa inakula kilo 100 za chuma. Jamii ikitaka tani 100 za chuma, programu inaagiza makaa tani 50. Makaa hayo yanadai chuma tani 5, chuma hicho kinadai makaa tani 2.5, inazunguka hivyo mpaka inatulia: chuma 105.3, makaa 52.6. Mpinzani ataleta hoja ya mchumi Ludwig von Mises ya mwaka 1920, kwamba pasipo bei za soko hakuna hesabu ya uchumi. Nimwambie kompyuta imeshamaliza ubishi?

Mkokotoaji: Usiseme hivyo, mkuu. Hesabu yako ni sahihi, na hata bidhaa zikiwa milioni zisikutishe: kila moja hutumia malighafi chache, hivyo jedwali la nani anatumia nini linajaa sifuri na hesabu inakuwa nyepesi. Lakini umepata kiasi tu, hujachagua njia. Kama chuma kinayeyushwa kwa njia mbili, ipi itumike? Msome Kantorovich, mwanahisabati wa Kisovieti. Mwaka 1939, akianzia swali la kugawa kazi kwenye mashine za plaiwudi, alipata mbinu inayotoa mpango na papo hapo kuonyesha uzito (yaani thamani, kama bei) wa kila kitu kilicho adimu, bila soko lolote. Alipata Nobel mwaka 1975. Mjibu Mises kwa hilo.

Bi_Takwimu: Mimi ningemhofia zaidi mchumi Hayek, aliyesema habari za uchumi zimetawanyika kwa watu wengi na mpangaji hawezi kuzikusanya zote. Hiyo nusu tani ya makaa, nani kakupa? Wakurugenzi wa viwanda vya Kisovieti walificha uwezo wao kwa sababu aliyevuka lengo mwaka huu aliongezewa lengo mwakani. Programu ingemeza uongo huo na kutoa mpango safi kabisa wa uongo. Glushkov, mtaalamu wa kompyuta wa Kisovieti kule Kyiv, alipendekeza mtandao wa kompyuta wa nchi nzima tangu 1962. Mwaka 1970 wakubwa wakaukataa mpango kamili, wizara zikigombania nani aushike.

Teleksi72: Nikuongezee Chile, Cybersyn, mradi wa kusimamia viwanda uliobuniwa na Mwingereza Stafford Beer, enzi za rais Allende. Viwanda vilituma takwimu kwa teleksi (mashine za kutumiana maandishi kwa waya) hadi mji mkuu, Santiago. Wenye malori walipogoma Oktoba 1972, teleksi hizo hizo zilisaidia serikali kujua wapi kuna upungufu na malori gani bado yanatembea. Mapinduzi ya Septemba 1973 yakaua mradi. Angalia lakini: kilichosaidia ni watu kupeana habari haraka, kompyuta ilikuwa na kazi ndogo siku zile.

Mjamaa_Kijana: Asanteni sana, sentensi ya "ubishi umekwisha" nimeifuta. Usiku huu naingiza njia ya pili ya kuyeyusha chuma, nione programu itachagua ipi makaa yakipungua. Bi_Takwimu, swali lako bado linanikereketa: kama lengo la kiwanda lisingepandishwa kila kinapofanya vizuri, mkurugenzi angekuwa na sababu gani nyingine ya kuficha?