Mradi wa sanaa darasa la tano: Tingatinga, batiki au udongo? Naagiza vifaa kesho

Mwl_NjiaPanda
Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Nafundisha Sanaa na Michezo darasa la tano. Nimepewa hela kidogo ya mradi na kesho kuna gari linakwenda Kariakoo, kwa hiyo nataka kuagiza vifaa mara moja. Kichwani nina vitu vitatu: Tingatinga (ile michoro ya wanyama), batiki (kitambaa cha kuchora kwa nta), au ufinyanzi. Kipi kinawafaa watoto? Naomba majibu ya haraka, orodha inatakiwa mezani kwa mkuu kesho saa nne asubuhi.

FundiBrashi
Tingatinga. Mjadala umefungwa.

Mama_Vipindi
Mwalimu, hela kidogo ndiyo shilingi ngapi? Watoto wangapi? Darasa la watoto 35 na darasa la watoto 120 ni nchi mbili tofauti. Maji yapo? Vipindi vimeunganishwa au ni kimoja kimoja? Na kazi zikiisha zinakwenda wapi, kabatini, ukutani, zinauzwa? Bila hayo hapa tunapiga ramli.

MtotoWaNyasa
Udongo. Hela unaweza kuirudisha kwa mkuu ukapata sifa. Mimi kwetu ni Kyela, nimekua naona akina mama wa kabila la Wakisi wa Ikombe wakifinyanga vyungu na kuvileta Matema, hakuna aliyewahi kwenda Kariakoo kununua udongo. Chimba, loweka, chuja mawe, kanda. Watoto wa umri huo wanapenda kushika kitu, si kukaa kimya na brashi.

FundiBrashi
Naona neno moja halikutosha, basi nishuke. Mzee Edward Saidi Tingatinga hakusoma chuo chochote cha sanaa. Mtu wa Tunduru, kazaliwa 1932, akapita mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar, na alipoanza kuchora 1968 alitumia kilichokuwepo dukani: hadibodi na rangi ya baiskeli. Leo picha za aina ile zinapatikana hadi Ulaya na Japani. Sasa kama mtu mzima asiye na mwalimu aliweza, mtoto mwenye mwalimu atashindwaje?

Hesabu ni nyepesi. Hadibodi nzima ni futi 8 kwa 4. Ukikata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata 8 tu. Kata vya futi 1 kwa 1, unapata 32. Hadibodi tatu, watoto 96 wameenea. Unapaka rangi ya chini, mnyama mmoja katikati, mstari mweusi kumzunguka, nukta za kujazia. Imeisha.

Mzee_Chaki
FundiBrashi mdogo wangu, hayo yote ni kweli na mimi niliyaamini. Sasa kaa nikusimulie.

Miaka kadhaa nyuma, shule niliyokuwepo (sitaitaja), nilinunua rangi ya mafuta makopo manne: nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano. Brashi 12 kwa watoto 68. Hilo kosa la kwanza. Kosa la pili, sikuwaambia mapema kwamba rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Wakakimbilia bombani, bomba likawa jekundu. Mlango wa choo ukawa mwekundu. Wakaona haitoki, wakajifuta kwenye mashati. Mashati meupe! Na siku hiyo mvua inapiga, madirisha tumefunga, harufu ya thina imejaa darasani, watoto wawili wanashika vichwa. Nikawatoa wote barazani tukamalizia huko.

Kumbe shughuli yenyewe ilikuwa kukausha. Rangi ile inataka usiku mzima, na huwezi kupaka nukta juu kabla ya chini hapajakauka, kwa hiyo picha moja ni siku tatu nne. Vipande 68 utavilaza wapi? Tukavipanga barazani sakafuni, safu kwa safu. Asubuhi nakuta kuku wa mwalimu mkuu wamepita juu yake, tangu kipande cha kwanza mpaka cha mwisho, kama wageni rasmi wanakagua gwaride. Nyayo za njano zinaelekea ofisini.

Wazazi walikuja Jumatatu. Mmoja alileta shati kwenye mfuko, akaliweka mezani kwangu, akavuta kiti akakaa. Hakusema neno. Nilinunua mashati manne kwa mshahara wangu.

Ila kuna binti mmoja alikataa kufuta. Alikuwa kachora twiga, kuku kampita shingoni juu mpaka chini. Mtoto akachukua rangi nyeusi na njiti, kila unyayo akaufanya jani: vidole vitatu vya mbele vikawa ncha za jani, cha nyuma kikawa kikonyo. Twiga akawa anachungulia kwenye mti. Hiyo ipo sebuleni kwangu hadi leo. Lakini sirudii.

Kijana_wa_Ukonga
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂😂 Wageni rasmi!

FundiBrashi
Pole mzee wangu, lakini hapo kilichokuponza ni rangi, Tingatinga hana kosa. Kwa watoto chukua rangi nyeupe ya ukutani ile ya maji, igawe kwenye vikopo, changanya na rangi za unga. Inakauka chini ya saa moja, mkono unanawa kwa maji. Ila uiwahi kabla haijakauka kwenye nguo, ikishakauka hiyo nayo ni kesi.

Mzalendo_Halisi
Rangi ya ukutani siyo Tingatinga tena. Utamu wa Tingatinga ni ule mng'ao. Ukipaka ya maji inafifia kama bango la mwaka juzi. Afadhali useme "mchoro wa wanyama" tukuelewe.

FundiBrashi
Kwa hiyo Tingatinga ni kopo? Angekuta dukani rangi nyingine usingemtambua?

Mzalendo_Halisi
Asingekuwa yeye.

Mama_Vipindi
Mnagombania kopo, mwenye uzi hajarudi kutuambia watoto wangapi. Na mimi nina lingine. Ukimwambia mtoto "chora Tingatinga" unapata simba 80, mlima 80 na mibuyu 80, yote yamenakiliwa kwenye picha moja uliyobandika ubaoni. Hiyo ni sanaa au imla? Jina la mtumiaji linanionyesha mwalimu yupo njia panda, nahisi Chalinze. Watoto wake wanaamka na malori ya Morogoro na mabasi ya Tanga. Wachore lori. Lori la nukta nukta, bluu na pinki, lenye jicho. Hapo nitaamini wameelewa kitu.

Mzalendo_Halisi
Mzee mwenyewe alichora wanyama.

Mama_Vipindi
Alichora na watu, na alichora miaka minne tu. 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Tusijifanye tunajua angechora nini akifika sabini.

DadaNta
Batiki naiuza, ndiyo kazi yangu, na nakukataza. Nta unayeyusha motoni, ikikudondokea mkononi inaganda na ngozi. Halafu rangi tunazotumia wengi zinataka dawa za kostiki na haidrosi. Kostiki inaunguza, haidrosi ina moshi wa kukata pumzi. Mimi navaa glavu na nafanyia nje, upepo ukiwa mgongoni. Watoto wa miaka 10, 11? Hapana kabisa.

Kama roho yako ipo kwenye kitambaa, tumia uji. Ndiyo, uji. Unga wa muhogo au wa ngano, uukoroge mzito kama wa kubandikia matangazo. Mtoto anachora kwa uji kwenye kitambaa cheupe cha bafta kwa kutumia chupa ya plastiki iliyotobolewa kizibo, anaanika mpaka ukauke kabisa uanze kupasuka pasuka, kisha anapaka rangi juu kwa brashi, asichovye, maana ukichovya uji unalowa na kazi imekufa. Rangi ikishashika unakwangua uji, chini panabaki peupe. Mipasuko ya uji nayo inaacha mistari kama ya nta. Wayoruba wa Nigeria wana vitambaa vya namna hiyo vya uji wa muhogo, wanaviita adire eleko, na ni vitu vya heshima.

MtotoWaNyasa
Unga watu wanakula, wewe unauanika kwenye bafta.

DadaNta
Vikombe viwili kwa darasa zima, kaka. Nyumba yenu haitalala njaa.

TichaMvita
Hamjambo kutoka Mombasa. Mimi nina gredi ya sita na nimeacha yote hayo, nafanya leso kwenye karatasi za manila. Nyinyi mwaiita kanga. Leso ina sehemu tatu kila mtoto azijua kwao nyumbani: pindo, mji na jina. Huhitaji kufundisha utungo wa picha kwa maneno makubwa, mpe leso ya mamake aitandaze juu ya dawati aone pindo lazunguka wapi na jina lakaa wapi. Halafu atunge jina lake mwenyewe. Nimekataza methali za kunakili. Mmoja aliandika "Ndugu yangu ndiye aliyekula, mimi nilionja." Nikamwuliza maana, akasema hiyo ni ya kumpa nyanyake.

Kuchapa natumia mboga. Kata bamia mkingamo, chovya kwenye rangi, bandika: ua la pembe tano hilo, na vyumba vya mbegu vyaonekana ndani. Bua la jani la papai latoa mviringo ulio na tundu. Kiazi ulaya chachongwa kwa kijiko kilichonolewa. Muhogo sipendi, wanyauka kesho yake na alama yaharibika.

BiMkeka
Wanangu nawasoma tu tangu jana. Mbona hakuna aliyetaja ukili, ule utepe wa kusukwa wa kushonea mikeka? Mimi niko Pemba, skuli yetu watoto wa rika hilo wanasuka. Ukindu, majani ya mkindu, tunachemsha na rangi ya unga, zambarau, kijani, nyekundu, tunaanika. Kila mtoto anasuka kwa pima. Akifika pima mbili namwita "mtu mzima". Pima zote zikikusanywa zinashonwa, mkeka mmoja wa darasa zima, kila mtoto anauona utepe wake. Haumwagiki, haunuki, kuku akipita juu yake hapana neno.

Mzee_Chaki
Bi mkubwa, hilo la kuku nimelipokea kwa mikono miwili.

Kijana_wa_Ukonga
Shikamoo bibi. Lakini watoto wa kiume watakubali kusuka?

BiMkeka
Marahaba. Nguo utavaa wewe, mkeka utalalia wewe, kusuka asuke nani? Mume wangu alisuka makanda ya samaki maisha yake yote.

Mwl_NjiaPanda
Samahani wakuu, mtandao ulikuwa unasumbua. Haya: watoto 84, mikondo miwili lakini nawafundisha pamoja kwa sababu chumba cha pili paa limevuja. Hela ni laki moja na nusu. Vipindi vya dakika 40, viwili vimeunganishwa Alhamisi. Bomba lipo moja, Alhamisi mara nyingi halitoi. Kazi zinatakiwa siku ya wazazi, wiki tano zijazo. Na ndiyo, ni Chalinze. Mama_Vipindi umejuaje, jamani.

Mama_Vipindi
Watoto 84 na bomba lisilotoa, halafu ulitaka jibu la haraka! Kwa hiyo una Alhamisi tano, na ya mwisho ni ya kubandika. Nne. Rangi ya mafuta imejifuta yenyewe.

MtotoWaNyasa
Udongo unahitaji maji kidogo kuliko rangi, ndoo tatu zinatosha. Fanya hivi kabla hujaandika orodha: chukua udongo wa hapo, kanda, viringisha kama mkia wa panya, uzungushe kwenye kidole. Ukikatika, achana nao. Na ukiwa ule mweusi wa mbuga, achana nao pia, utapasuka wote.

Mwl_NjiaPanda
Nimejaribu sasa hivi nyuma ya choo cha walimu. Umekatika vipande vinne.

MtotoWaNyasa
Ongeza maji. Nenda mtoni kwenye kingo. Usichimbe nyuma ya choo mwalimu 🙈

Mzee_Chaki
Na vikishafinyangwa vikae kivulini wiki nzima au zaidi. Vikichomwa na unyevu ndani vinalipuka kama bisi. Vifinyango 84 vinakaa wapi? Tunarudi palepale pa baraza na kuku.

FundiBrashi
Ushauri wangu wa mwisho: manila, rangi ya ukutani, malori ya Mama_Vipindi. Watoto sita kwa kikopo kimoja. Nimeshuka mpaka kwenye manila, msiseme siko tayari kusikiliza.

TichaMvita
Na pindo la leso kuzunguka lori. Jina chini. Malori yenu si huwa yameandikwa maneno nyuma?

Mama_Vipindi
Eti! Hilo sikuliwaza. Maneno ya nyuma ya lori na jina la kanga ni ndugu kabisa.

Mzalendo_Halisi
Sasa hiyo ni Tingatinga, ni kanga, au ni gereji?

Mwl_NjiaPanda
Wakuu nimetoka kwa mkuu. Orodha imepita nusu. Manila zimekubaliwa, rangi nyeupe kopo moja badala ya mawili, brashi kasema watoto watumie njiti zilizotafunwa ncha. Hela iliyobaki inakwenda kwenye bati la lile paa linalovuja. Bamia kauliza mara mbili ni za nini, nikaona anaandika kitu pembeni. Bado sijui wiki ya kwanza nianze na stempu za mboga au na kuchora. Bi mkubwa wa Pemba, badala ya ukindu huku naweza kutumia majani ya mkoche?

BiMkeka
Yanasukika, ila ni magumu kidogo kwa vidole vya watoto. Yalowekwe usiku, na yachanwe membamba. Nikumbushe kesho nikuandikie vizuri, sasa adhana.

Kijana_wa_Ukonga
Mzee_Chaki mimi bado nina swali. Wale kuku rangi ilitoka?

Mzee_Chaki
Mmoja alibaki na vidole vyekundu muda mrefu sana. Watoto walimwita Bi Harusi. Mwalimu mkuu alipohamishwa aliondoka naye.